Kopo Chini ya Mlimau

Kila asubuhi Mbuyu alifagia uwanja wake, na kila asubuhi sehemu ya kufagia ilikuwa imepungua. Mumewe, Mwenze, alikuwa anauchimba. Kulikuwa na shimo karibu na mlango wa jiko, shimo karibu na bomba, na mashimo mengine kando ya ukuta. Mbuyu alipitisha ufagio katikati yake. Alikuwa amechoka kumkanya.

Haya yalitokea Musonoi, mtaa wa wachimba migodi wa Kolwezi, mwaka 1994. Mashimo makubwa ya shaba yalikuwa jirani kabisa. Zamani mitambo ilinguruma mchana kutwa, hata watu wakazoea kuzungumza kwa sauti kubwa. Mwaka huo mitambo ilikuwa kimya. Kampani ilikuwa imeanguka. Wanaume walikaa mbele ya milango yao wakiwa wamevaa mabuti ya kazi, ingawa kazi haikuwapo.

Mwenze hakukaa. Yeye alichimba.

Nyumba yao haikuwa yao tangu mwanzo. Ilikuwa ya Tshimanga, fundi wa umeme, na mkewe Ntumba. Wazazi wa Tshimanga walitoka Kasai. Waliletwa Katanga kufanya kazi mgodini, na Tshimanga mwenyewe alizaliwa hapo hapo Kolwezi. Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiwa na mapanga, huku wakiimba. Tshimanga na Ntumba walibeba godoro, sufuria na watoto, wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na wenzao wengi.

Wakati huo Mwenze na Mbuyu walikuwa wakipanga chumba kimoja upande wa pili wa barabara. Hawakumpiga mtu. Hawakuimba. Waliiona nyumba tupu ya matofali, yenye bomba lake, wakahamia. Majirani waliwapongeza. Je, Mbuyu alifurahi? Tuseme ukweli, alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipomaliza kupanga vyombo. Kisha akaona ukutani alama za penseli, mahali Ntumba alipokuwa akipima urefu wa watoto wake. Akazifunika kwa kalenda.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Kampani iliwarudisha watu nyumbani, Mwenze akiwa mmoja wao. Ndaya, binti yao wa miaka saba, alianza kukojoa kitandani. Mwenze alikosa usingizi. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa alifoka hata kijiko kikianguka.

Siku moja jirani yao Mukalay, aliyekuwa msimamizi mgodini, alimvuta pembeni.

“Mwenze, unazani bale batu balienda bure? Balizika kintu mu lupango. Njo inatuua. Angalia, kila mutu mwenye aliingia mu nyumba ya Bakasai, mambo yake inaharibika.”

Lupango ni uwanja wa nyumba. Mukalay hakuongeza kwamba watu ambao hawakuingia katika nyumba hizo nao mambo yao yalikuwa yameharibika vile vile. Mwenze hakumuuliza. Kesho yake alichukua jembe. Baada ya muda, wanaume wengine wa mtaa nao walikuwa wakichimba viwanja vyao.

Ijumaa moja asubuhi Mbuyu alimpelekea chai.

“Tata Ndaya, kunywa kwanza,” alisema. Tata ni baba.

“Nitakunywa nikipata.”

“Na kama hamuna kintu?”

Mwenze alisimamisha jembe. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Basi ni nini inatupiga? Niambie! Ni nini?”

Mbuyu akaiweka chai juu ya jiwe, akarudi kwenye ufagio wake.

Haikupita muda jembe likagonga bati, chini ya mlimau. Mwenze akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Likatoka kopo dogo la pomadi lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungwa kwa uzi mweusi. Akakikata kile kitambaa. Akakuta kipande kidogo cheusi, kikavu, kama nyama iliyokaushwa. Alikitupa chini.

“Nyama ya mutu! Shi nilisema? Nyama ya mutu!”

Watu walikuja mbio. Mukalay alikuwa wa kwanza. Walifuata wanaume wengine, kisha wanawake waliokuwa wakichota maji. Mbuyu naye alisogea, akainama, akatazama.

Alikitambua mara moja. Kilikuwa kitovu cha mtoto.

Kwa Waluba wa pale, wa Katanga na wa Kasai, mtoto akizaliwa kitovu chake hakitupwi. Kikikauka na kudondoka, mwanamke mzee hukifunga vizuri na kukizika karibu na mti wa matunda, ili mtoto akue na ajue kwao ni wapi. Wanaume hawaonyeshwi mahali pale. Hilo ni jambo la wanawake. Mbuyu alifanyiwa hivyo alipomzaa Ndaya. Kitambaa kilikuwa cha namna ile ile, na fundo lile lile.

Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Aliogopa, kwa sababu siku zile mwanamke aliyewatetea watu wa Kasai aliweza kuhesabiwa pamoja nao. Lakini haukuwa woga tu. Ndani ya kifua chake alihisi kitu kama pumziko. Kama huu ni uchawi, aliwaza, basi ni uchawi unaotutesa. Si hii nyumba. Si sisi tulioingia humu. Aliona aibu kwa wazo hilo, lakini hakulifukuza.

Akawatazama wale wanawake wengine. Wote walikuwa wameinamisha macho, kimya. Akajiambia, hawa wote wanaamini. Ninayejua ni mimi peke yangu.

“Nani alikuwa anaingia mu hii lupango wakati ya Tshimanga?” Mukalay aliuliza.

“Mama Tshiela,” mtu mmoja alijibu.

Tshiela alikuwa mjane mzee, muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Alizaliwa Kasai, lakini marehemu mumewe alikuwa mtu wa Katanga. Ndiyo maana wakati wa kufukuzana walimwacha.

“Siku ya Mungu, kisha misa, tutaenda kwake,” alisema Mukalay. Siku ya Mungu ni Jumapili. Alikirudisha kipande kile koponi kwa ncha ya kijiti. “Atatuambia yote. Akimaliza, atafuata benzake.”

Kila mtu alielewa. Miezi michache kabla ya hapo, katika mtaa wa pili, mzee mmoja alishtakiwa uchawi namna ile ile. Walimpiga mawe mchana kweupe. Hakuinuka tena.

Jumamosi asubuhi Mbuyu alimpeleka Ndaya zahanati. Mtoto alikuwa amekojoa tena na hakutaka kula. Muuguzi aliitwa Mama Valérie. Alikuwa mwanamke mnene, asiye na haraka, ambaye alimtazama mgonjwa usoni kabla ya kutazama kidonda chake. Alimpima Ndaya damu, akambonyeza tumbo, akampa Mbuyu kiti.

“Mama Ndaya, mutoto haina na malaria. Mwili yake iko muzima. Anaogopa. Ku nyumba kuko nini?”

Mbuyu alianza kidogo kidogo, kisha maneno yakamwagika. Alisimulia juu ya mashimo, usingizi wa Mwenze na kelele za kila siku.

“Bwana yangu anasema ni bulozi,” alimaliza. Bulozi ni uchawi.

“Sikiliza, mama,” alisema Valérie. “Mutu akipoteza kazi, na jirani, na mipango yake yote pamoya, mwili inakaa kama mutu mwenye alisikia nyoka mu nyumba. Moyo inapiga. Usingizi inakimbia. Anakasirika bure. Haina wazimu. Mwili inajaribu kumulinda. Lakini ile nyoka haionekane. Anaitafuta, anaitafuta. Akiikosa, anakamata mutu, anasema, ni uyu.”

“Juu ya nini mutu?”

“Juu mutu unaweza kumufukuza. Kampani yenye kuanguka utaifukuza na nini? Na fimbo?”

Mbuyu alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Valérie akapunguza sauti.

“Na bwana yako anabeba mzigo ingine. Shi munaikala mu nyumba ya batu balifukuzwa? Sikuhukumu, mama. Batu bengi balifanya vile. Lakini kintu ya namna ile, mutu akiificha mu roho, inageuka woga. Anazani Tshimanga iko namuroga. Kumbe Tshimanga, kama anaishi, iko natafuta chakula ya batoto yake.”

Mbuyu alitazama vidole vya miguu yake.

“Mutu akikufa hapa kwetu, tunafanya nini?” Valérie aliuliza.

“Tunaenda ku kilio. Tunaleta mikeka, tunalala inje, tunalia pamoya.”

“Kazi ilikufa. Jirani balienda, na bengine balikufa mu njia. Nani alikaa kilio yabo?”

“Hakuna.”

“Njo vile. Kila mutu analia yeye moya, nyuma ya mulango yake. Kwa kilio ya mutu moya, kichwa inatunga mambo.”

Hapo Mbuyu alimwambia juu ya kopo. Alimwambia pia kwamba alijua ni nini, na kwamba alinyamaza. Valérie alimsogelea.

“Bamama balikuwa pale?”

“Bengi.”

“Bote balisha kuzala?”

“Bote.”

“Na ya batoto yabo, balifanya nini na kitovu?”

Mbuyu alianza kujibu, akakwama. Aliwaona tena wale wanawake, na macho yao yalivyotazama chini.

“Bote banajua,” alisema polepole.

“Bote banajua. Kila moya aliangalia benzake, akaona beko kimya, akazani yeye njo anajua peke yake. Batu beko vile fasi yote, kila mahali, mama, haina weye tu. Lakini moya akisema, wa pili atapata nguvu.”

“Na kama wa pili hasemi?”

Valérie hakumdanganya. “Inaweza kutokea. Mi nitakuya pale kesho, nitasimama karibu yako. Nitamwambia padri pia. Lakini ile kopo mi sikuiona. Weye uliiona. Leo, sema kwanza na bwana yako.”

Jua lilikuwa bado juu Mbuyu alipofika nyumbani. Mwenze alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo la mlimau, miguu ikining'inia ndani. Mbuyu akakaa kando yake.

“Tata Ndaya, ile kintu haina bulozi. Ni kitovu. Ni ya mutoto ya Ntumba.”

“Nani alikwambia?”

“Hakuna. Mi ni mama. Ya Ndaya, balifunga vile vile.”

Mwenze aligeuka. Mbuyu alidhani atampiga. Hakuwa amewahi kumpiga, lakini mwaka ule watu walikuwa wakifanya mambo ambayo hawakuwahi kuyafanya.

“Unasema bongo, unanidanganya!” alipiga kelele. “Kama haina hii, ni nini? Eh? Kazi, mutoto, usingizi, ni nini?” Sauti yake ilikatika. “Kama haina hii, basi ni mi. Mi njo sifai.”

“Haina weye. Kampani ilianguka. Iliangukia batu bote.”

“Na nyumba?”

Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kutaja nyumba.

“Nyumba, tuliichukua,” alisema Mbuyu. “Hiyo njo ya kweli. Tukiua Mama Tshiela, haitaondoka.”

Mwenze aliinuka, akaenda zake. Jembe lilibaki shimoni. Mbuyu alilia pale pale, peke yake, akiogopa kwamba ameharibu kila kitu.

Jumapili, watu walipotoka misa, kundi la wanaume lilikusanyika mbele ya mlango wa Tshiela. Wengine walikuwa na fimbo. Mmoja alikuwa na dumu la petroli. Mukalay alishika kopo juu ili wote walione. Mwenze alikuwa nyuma, mikono mitupu, uso wa majivu. Wanawake walisimama upande wa pili wa barabara, vitenge vimefunika vinywa. Mlango wa Tshiela ulikuwa umefungwa.

“Toka, mulozi!” aliita Mukalay.

Mbuyu alivuka barabara. Alimwona Valérie kando ya ukuta, na padri akija kwa mbali, lakini bado hajafika. Hakuweza kumngoja.

“Tata Mukalay, hiyo ni kitovu ya mutoto,” alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu. “Ni kitovu! Mi nilijua tangu ile siku mulifukula. Niliogopa kusema.”

Mukalay akalishusha kopo.

“Mama Ndaya,” alisema Mukalay taratibu, “sasa weye uko na Bakasai?”

Mbuyu aliwatazama wanawake mmoja mmoja. Walitazama chini, kama siku ile. Mwenye dumu akasogea mbele. Mbuyu akajua amebaki peke yake, na kwamba mlango unaofuata kuchomwa utakuwa wake.

Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa barabara. Ilikuwa ya mke wa Mukalay mwenyewe.

“Anasema kweli. Ya batoto yako bote, mama yako njo alizika. Iko mu lupango lwetu. Weye unapitaka juu yake kila siku.”

“Ya bangu iko ku mulango ya jiko,” alisema mwanamke mwingine.

“Ya bangu, chini ya mupapai.”

Wakaanza kusema wote. Mwanamke mmoja alivuka barabara, akamnyang'anya mwanawe fimbo. Mukalay alibaki na kopo mkononi. Aliligeuza, akalitazama, akawa hajui aliweke wapi. Mwenye dumu alilitua chini.

Mwenze akapita katikati ya watu, akalichukua kopo. Akasimama mbele ya mlango.

“Mama Tshiela,” aliita. “Ni Mwenze. Hii ni ya nani?”

Walingoja. Mwishowe mzee alijibu kutoka ndani, mlango ukiwa bado umefungwa.

“Ni ya Muamba. Mutoto ya mwisho ya Ntumba. Mi mwenyewe nilifunga.”

“Iko wapi sasa, uyo Muamba?”

“Alikufa ku gare, ku stesheni. Balikaa pale siku mingi, bananyeshewa mvua, banangoja treni. Akapata kuhara. Balimuzika karibu na reli. Mama yake hakulia. Treni ilikuwa imefika.”

Mwenze aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Alilia mbele ya wanaume aliofanya nao kazi mgodini. Hakuna aliyemcheka. Ndani ya nyumba Tshiela naye akaanza, kwa sauti ndefu ya maombolezo, kwa Kiluba cha Kasai. Lugha hiyo haikuwa imesikika mtaani kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mke wa Mukalay alikwenda kwao, akarudi na mkeka. Wengine wakaleta yao, na padri alipofika akaketi nao. Walikaa mbele ya mlango ule mpaka jioni. Walimlilia mtoto ambaye wengi wao hawakumfahamu. Katikati ya kilio mtu alitaja kazi yake iliyokufa. Mwingine alimtaja fundi mwenzake aliyeondoka na treni. Mukalay naye hakuondoka.

Tusidanganyane, mambo hayakunyooka kesho yake. Mitambo ilibaki kimya. Watu wa Kasai hawakurudi. Lakini Mwenze alifukia mashimo, na Mbuyu alikirudisha kitovu cha Muamba chini ya mlimau. Mwenze aligeuza kisogo, kama desturi inavyotaka. Valérie alianza kuja mtaani kila wiki. Watu walikaa pamoja, kila mmoja akasema kinachomkaba. Mwanzoni walikuja wanawake tu. Baadaye wanaume walikaa karibu, wakijifanya wanapita. Mwenze na Mukalay walilima pamoja shamba la mihogo nje ya mji, na kazi ya mikono ilimrudishia Mwenze usingizi kidogo. Kelele zilipungua nyumbani. Ndaya akaanza kuamka mkavu, si kila siku, lakini mara nyingi.

Jumamosi moja Mbuyu alikwenda kwa Tshiela na sombe, majani ya mihogo. Aligonga. Akasikia magogo yakiondolewa nyuma ya mlango, moja baada ya jingine. Mzee alikuwa bado anajifungia mchana.

Tshiela aliyapokea yale majani. Akamwonyesha kiti, akamimina munkoyo kikombeni. Hakumpa mara moja.

“Ile kopo balifukula siku gani?” aliuliza.

“Ijumaa.”

“Na weye ulijua ile Ijumaa.”

“Nilijua, mama.”

Mzee alitikisa kichwa polepole. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka tu.

“Mi nilikaa ndani mwangu siku mbili, nangoja kufa. Nilikuwa nasikia bamama banapita kuchota maji, nafikiri, labda moya atasema.” Akamkabidhi kikombe. “Ulisema. Aksanti. Kunywa. Lakini siku ingine, mwana, usingoje Siku ya Mungu.”